Je, Utulivu Hununuliwa kwa Fedha?

Wawindaji wanajua tangu utoto wao kwamba upinde usiolegezwa kamba huharibika. Mti wake huchoka, hupoteza nguvu ya kurudi, na siku atakapotokea mnyama mkubwa mshale huanguka karibu. Kwa hiyo mwindaji mwenye akili, akirudi nyumbani jioni, hulegeza kamba na kuutundika upinde wake ukutani, wala hakuna jirani amwitaye mvivu.

Kuna hadithi ya kale iliyoandikwa na mtawa Yohane Kasiano katika karne ya tano. Yasimuliwa ya kwamba Mtume Yohane, alipokuwa mzee, alikuwa akimpapasa kwale kwa mkono wake na kucheza naye. Mtu mmoja aliyebeba upinde akamwona, akashangaa kwamba mzee mwenye sifa kubwa hivi anacheza na ndege mdogo. Mzee akamwuliza kwa nini upinde wake haukukazwa kamba sikuzote. Yule akajibu kwamba ukikazwa sikuzote utadhoofika. Basi mzee akamwambia kwamba ndivyo ilivyo na roho ya mtu. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliikumbuka hadithi hiyo, akafundisha ya kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, na kwamba mtu asiyejua kupumzika kamwe naye amekosa.

Kwa hiyo haiulizwi kama ni halali kupumzika. Jambo hilo limekwisha kujibiwa. Maswali magumu ni mengine: upinde hulegezwa kwa ajili gani? Tena, wakati upinde mmoja umetundikwa ukutani, ni mkono wa nani unaoendelea kufanya kazi?

NYUMBA YA FARAGHA

Ili maswali haya yasibaki hewani, yafaa kutazama mfano mmoja. Mashariki ya kisiwa cha Java, katika nchi ya Indonesia, kipo kisiwa kiitwacho Bali. Wakaaji wake ni zaidi ya milioni 4, na walio wengi hufuata dini ya Kihindu. Ni nchi ya milima ya moto, ya mito inayopita katika mabonde marefu, na ya mashamba ya mpunga yaliyochongwa ngazi kwa ngazi juu ya vilima. Mwaka 2019 wageni wa nchi za ng’ambo walioingia kisiwani walipita milioni 6. Maana yake, katika mwaka mmoja wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji.

Wageni hao hawalali wote katika hoteli kubwa. Wako wanaotafuta nyumba iliyojitenga, hasa katika vilima vya Ubud, juu ya bonde la mto Ayung. Nyumba ya namna hiyo huitwa vila. Ina paa la nyasi, kitanda chenye chandarua, ukuta mrefu kuizunguka, na bwawa dogo la kuogelea ambalo ni la watu wawili tu. Wenye kuchunga nyumba huja kimya asubuhi, hufagia, hutandaza maua, kisha huondoka. Pengine chakula cha asubuhi huletwa juu ya sinia inayoelea majini, wageni wakala wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Mtu wa kijijini akisikia hayo atacheka, wala hana kosa akicheka. Lakini afadhali acheke kwanza, kisha afikiri.

Wafikiriwe sasa mume na mke wakaao katika mji wa Perth, huko Australia. Hii si habari ya watu fulani. Ni mfano tu, ingawa walio hivyo ni wengi. Wamekaa katika ndoa miaka 12. Mume ni fundi wa mitambo, na kazi yake huwa mchana juma hili na usiku juma lijalo. Mke ni mwuguzi wa hospitali. Hukutana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Husemezana juu ya kodi ya nyumba, dawa ya mtoto, mlango uliovunjika. Hawagombani, lakini pia hawazungumzi. Basi wanaweka akiba, wanawaacha watoto wao wawili kwa bibi yao, wanapanda ndege karibu saa nne, na kuingia katika nyumba ya faragha kwa siku nne.

Je, wametenda vema?

JIBU LA WATU WA KALE NA LA WATU WA LEO

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, alifundisha ya kwamba watu hufanya kazi ili wapate wasaa, kama vile hupiga vita ili wapate amani. Lakini aliongeza neno la kuonya: mchezo na starehe si mwisho wa maisha. Ingekuwa aibu mtu ataabike maisha yake yote ili tu apate kucheza. Wasaa ni kwa ajili ya jambo lililo bora kuliko kazi, wala si kwa ajili ya utupu.

Watu wa nyakati zetu nao wameliandika jambo hili katika sheria. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa liliweka mapatano ya kwamba mfanyakazi aliyemaliza mwaka mmoja kazini apewe mapumziko yasiyopungua siku 6 za kazi, na mshahara wake usikatwe. Mwaka huohuo Ufaransa ilitunga sheria ya kuwapa wafanyakazi majuma mawili. Na tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulitangaza haki za binadamu, na katika sharti la 24 ikaandikwa kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata siku za mapumziko zenye malipo. Hapo kabla, mapumziko ya namna hiyo yalikuwa mali ya mabwana. Sasa hata fundi na mwuguzi wanaweza kudai siku zao.

Basi mume na mke wale hawakuiba kitu. Siku ni zao, na fedha ni jasho lao.

WAWILI PEKE YAO

Lakini mtu atauliza: kwa nini wajitenge? Je, haifai wapumzike pamoja na watoto, na ndugu, na majirani? Mtu apumzikaye mbali na jamaa yake, je, si mchoyo?

Swali hili lina uzito, kwa maana ndoa haikufanywa kwa ajili ya watu wawili tu. Hata hivyo, mababu hawakuwa wajinga wa faragha. Katika pwani ya Waswahili iko desturi iitwayo fungate. Baada ya arusi, bwana na bibi arusi hukaa ndani siku saba, na jamaa huwaletea chakula. Hawatumwi kazi wala hawasumbuliwi. Watu wote hujua kwamba nyumba mpya hujengwa kwanza kwa mazungumzo ya wawili, na kwamba jamaa hupata faida msingi ukiwa imara. Ikiwa ilionekana vema kuwapa wawili siku saba mwanzoni, wakati bado hawajachoka, ni nani atakayesema ni vibaya kuwapa siku nne baada ya miaka 12?

Kwa sababu ndoa ni kama moto wa jikoni. Watu wote wa nyumba huota na kula kwa moto ule. Lakini lazima mtu ainame mara kwa mara aupulize, na anayeupuliza huwapa wengine mgongo kwa kitambo. Watoto wakimwona mama yao amegeuka, wasidhani amewaacha. Yuko kwenye moto wao.

HAZINA ISIYOMO NDANI YA NYUMBA

Basi siku ya kwanza mume na mke wale walilala. Siku ya pili waliamka, wakaogelea, wakala, wakatazama bonde. Na hapo jambo la kutisha likaonekana. Kelele zote zilikuwa zimekwisha, wala hawakuwa na neno la kuambiana. Nyumbani walikuwa wakisema: hatuna nafasi. Sasa nafasi ipo, na kimya kimekaa kati yao kama mgeni wa tatu.

Seneca, Mroma mwenye hekima aliyekufa mwaka 65, alimwandikia rafiki yake juu ya ugonjwa huu. Alimfundisha ya kwamba abadilishaye nchi bila kubadilisha roho hapati faida, kwa kuwa hujichukua mwenyewe safarini. Wakati mwingine alimsimulia habari za tajiri mmoja jina lake Vatia, aliyekaa katika nyumba nzuri ya faragha karibu na bahari, na watu wakamsifu kuwa ndiye peke yake ajuaye kuishi. Seneca akasema kwamba yule alijua kujificha tu, wala hakujua kuishi; naye alipopita mbele ya nyumba ile alitania kwamba Vatia amezikwa humo. Hata neno lenyewe, vila, ni la Waroma: ndivyo walivyoita nyumba zao za shamba, na katika nyumba za matajiri utulivu wa bwana uliletwa na mikono ya watumwa.

Basi kile kilichonunuliwa kwa fedha ni ukuta, kitanda, maji, na saa zisizo na kazi. Yaliyobaki hayauzwi. Katika mfano wetu, jioni ya siku ya pili, mke akasema: “Mume wangu, tumefika mahali pazuri hivi, na hatuna la kuambiana.” Mume akanyamaza sana. Kisha akasema kwamba tangu baba yake alipofariki, mwaka wa pili sasa, hajapata kulia. Kwanza kulikuwa na mazishi ya kupanga, halafu zamu ya usiku, halafu homa ya mtoto. Usiku ule akalia. Mke wake akakaa naye mpaka mapambazuko, na sinia ya asubuhi ilipoletwa waliirudisha kwa upole, kwa kuwa walikuwa wamelala.

Neno lile lingaliweza kusemwa Perth, jikoni. Ni kweli. Lakini halikusemwa Perth. Mahali pale paliwapa saa, wala hapakuwapa neno. Neno lilitoka katika ujasiri wa mke na unyenyekevu wa mume. Mwenye kulipa fedha akidhani amenunua yote mawili amejidanganya, na mwenye kudharau ile saa naye amejidanganya.

NANI ABEBAYE MAJI?

Lakini haitoshi wawili wale kupatana. Nje ya ukuta wako watu.

Mithali husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndani ya vila mgeni hapewi jembe hata siku ya nne, kwa maana amelipa. Fedha yake ndiyo jembe lake. Si vibaya, mradi malipo yawe ya haki na yamfikie yule ashikaye ufagio. Mwanamke afagiaye njia ya vila alianza siku yake kabla ya mapambazuko. Kabla ya kazi ya wageni aliweka nje ya nyumba yake kikapu kidogo cha majani ya mnazi, chenye maua na wali, sadaka ya kila siku kwa desturi ya watu wa Bali. Naye ana mume, naye ana watoto. Je, upinde wake yeye hulegezwa siku gani? Mgeni ajiulizaye hivyo hajaharibu mapumziko yake, ameyasafisha.

Tena yako maji. Watu wa Bali tangu karne nyingi wana vyama viitwavyo subak. Wenye mashamba wanaokunywa kwenye mfereji mmoja huunda chama, hukutana, hupatana nani apande lini na maji yafike kwa nani kwanza, ili shamba la chini lisikauke kwa tamaa ya shamba la juu. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliandika mashamba hayo na mahekalu yake ya maji katika hesabu ya urithi wa dunia. Lakini bwawa la wageni halikai katika mkutano wa subak. Mashamba mengi ya mpunga yameuzwa na kujengwa nyumba za wageni, na visima vinachimbwa ili mabwawa yajae. Utulivu unaokausha shamba la jirani si utulivu. Ni deni ambalo mwingine atalilipa.

Pengine mtu atasema: basi wageni wasije kabisa. Jibu si jepesi hivyo. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Covid, wageni walikoma kuja. Wafagiaji, wapishi na madereva wengi wakapoteza kazi, wakarudi vijijini kulima na kuvua, na wengine kukuza mwani baharini. Ndipo ilipoonekana kwamba waliokuwa wakilisha wageni walikuwa pia wakilishwa na wageni. Haki haiwafukuzi wageni. Huwataka walipe vema, watumie maji kwa kiasi, na wamwone aliye nje ya ukuta.

SIKU YA KIMYA

Iko siku moja Bali ambayo hakuna mgeni awezaye kuinunua. Huitwa Nyepi, nayo ni siku ya mwaka mpya kwa hesabu ya wenyeji, mara nyingi katika mwezi wa Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo kuna kelele nyingi, na vijana hubeba masanamu makubwa ya kutisha njiani. Lakini kukipambazuka, kwa muda wa saa 24, watu hawawashi moto wala taa, hawafanyi kazi, hawasafiri, hawafanyi starehe. Kiwanja cha ndege hufungwa. Wageni hukaa ndani ya nyumba zao kama wenyeji, na walinzi wa mila huzunguka kuangalia kwamba njia ni tupu. Usiku nyota huonekana juu ya kisiwa kizima.

Hapa ndipo tofauti hujulikana. Kimya cha vila hutengenezwa na watu wanaofanya kazi ili wawili wapumzike. Kimya cha Nyepi hutengenezwa na kila mtu akimpa jirani yake. Tajiri hawezi kupata zaidi ya maskini, na afagiaye naye hukaa. Wakristo nao wanaijua maana ya jambo hili, kwa kuwa amri ya siku ya saba haikumpumzisha bwana peke yake, lakini na mtumishi, na mgeni, na hata ng’ombe na punda.

KWA NINI MAMBO HAYA YAWAHUSU WATU WA KIJIJINI

Mtu wa kijijini aweza kusema: maneno haya ni ya watu wenye ndege na mabwawa, mimi nina jembe tu. Asiseme haraka. Na atazame kivuli cha mwembe wake, saa tisa ya mchana.

Chini ya mwembe mume amekaa. Ametoka shambani, amechoka, anapumzika. Ni haki yake. Lakini mke wake naye ametoka shamba lilelile, kwa jua lilelile. Sasa anakwenda mtoni na mtungi, atarudi na maji na kuni kichwani, atatwanga, atapika, ataosha mtoto, na sahani ya kwanza ataipeleka chini ya mwembe. Mume huyu anakaa katika vila. Hana ukuta, lakini anahudumiwa na mtu asiyepumzika. Tena mgeni wa Bali humlipa mshahara yule anayemfagilia; mume huyu halipi kitu, na pengine husema kwamba wake wa siku hizi hawana maneno matamu.

Atakuwaje na maneno matamu mtu ambaye upinde wake haukulegezwa tangu siku ya arusi?

Basi kwa watu wa kijijini nyumba ya faragha inaweza kujengwa bila senti moja. Mume achukue mtungi siku moja, na asiogope macho ya wanaume wenzake. Au waende wote wawili mtoni, wakiwaacha watoto kwa bibi yao, na wasiharakishe kurudi. Baada ya mavuno, kazi inapopungua, na wakae jioni moja, moto ukiwa mdogo, na mmoja amwulize mwenziwe: “Mwaka huu ni jambo gani lililokulemea ambalo sikuliona?” Kisha aulizaye anyamaze, asikilize mpaka mwisho.

Na kila mtu, wa Perth au wa kijijini, ayapime mapumziko yake kwa maswali matatu. La kwanza: nikiisha kupumzika, ninarudi kwa watu wangu nikiwa mwema zaidi, au ninarudi nikiwachukia kwa kuwa si wageni wa bwawani? La pili: nimempa mwenzangu masikio yangu, au nimempa mahali pazuri tu? La tatu: aliyenibebea maji nilipokuwa nimekaa, naye amepata kukaa?

Ajibuye vema maswali hayo amepumzika kweli, hata kama hakwenda popote. Asiyeweza kujibu la tatu asikate tamaa. Mtungi uko pale mlangoni, na njia ya mtoni aijua.